Maharagwe Yaliyosimama Kando

Wale waliomjua Nelius wa Njiru, pale juu kidogo ya soko la Runyenjes ambapo kahawa huanza kuiachia chai nafasi, walimjua kwa mambo mawili: sauti yake ya pili katika kwaya, na kibuyu kilichoning'inia jikoni mwake juu ya mafiga. Sauti aliwagawia watu wote kila Jumapili. Kibuyu hakikuguswa na mtu isipokuwa yeye.

Ndani ya kibuyu hicho mlikaa maharagwe ya Wanjugu, yamechanganywa na majivu ili mdudu asiyatoboe. Wanjugu alikuwa mama mkwe wake. Siku Nelius alipoletwa bibi arusi, hata kabla hajaonyeshwa mto wa kuteka maji, Wanjugu alimwita jikoni, akamwambia aketi na atandaze leso magotini. Kisha akamimina, konzi kwa konzi.

"Umeyaona?"

"Nimeyaona, mama."

"Haya hayauzwi, wala hayahesabiwi. Na yakishaingia kwa kibuyu, hayapikwi. Njaa ikija, uza mbuzi. Mbuzi akiisha, uza shuka ujifunike gunia. Haya yabaki. Siku mwanao atakapooa, mkewe atandaze leso kama wewe ulivyotandaza."

Yalikuwa maharagwe mazuri kutazama. Mekundu yaliyokolea kama ini, na upande wa kitovu meupe, kama mtoto aliyelamba unga akasahau kujipangusa. Kukizunguka kitovu kulikuwa na mstari mweusi mwembamba, kama uliochorwa kwa sindano. Yalitambaa juu ya fito, na ukiyachemsha maji yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Nelius aliyapanda kila mvua ya Oktoba, akala yaliyozidi, akarudisha mengine kibuyuni. Wanjugu alipokufa alikwenda kwa amani, kwa kuwa kibuyu kilikuwa pale pale.

Kisha Njiru, mumewe, naye akafariki. Kifua kilimshika mwezi wa Septemba, watu wakiwa wanalima kungoja mvua, na kabla majembe hayajawekwa chini alikuwa ametwaliwa. Akina mama wa jumuiya wakaja kama ilivyo desturi, maana kwetu mfiwa hapiki. Jiko linachukuliwa na wengine, yeye anakaa na wageni kwenye mkeka hadi siku ya mazishi. Waliongozwa na Gladys, mwenyekiti wa jumuiya, mama mrefu mwenye mikono isiyojua kupumzika. Walipika, wakaosha, wakaimba, wakapika tena. Watu walikuwa wengi kwa sababu Njiru hakuwa na adui. Jioni moja maharagwe ya guniani yakaisha, mahindi yakiwa tayari motoni. Gladys akatazama huku na huku, akainua macho, akaona kibuyu. Hakuhitaji hata kigoda.

Nelius aliletewa sahani yake ya githeri akiwa kwenye mkeka. Alikuwa ameshika kijiko tu, bila hamu, alipoona mdomo mweupe ukimtazama kutoka katikati ya mahindi.

"Mama Gladys," aliita polepole. "Haya maharagwe mmeyatoa wapi?"

"Pale juu, mama Ndwiga. Yalikuwa na majivu mengi lakini tumeyaosha vizuri. Maharagwe matamu hivi unayaficha! Kula, mama, upate nguvu."

Nelius akamtazama Gladys. Aliona macho yaliyo mekundu kwa moshi na kwa kulia, na mikono iliyochubuka kwa kuosha sufuria za watu wengine. Akainamisha kichwa, akala. Alikula hadi lile la mwisho, machozi yakidondokea sahanini, na wote waliomwona walidhani anamlilia Njiru peke yake.

Baada ya mazishi alikiteremsha kibuyu, akakikung'uta juu ya ungo. Yalitoka majivu. Alikirudisha mahali pake, na hakumwambia mtu. Angesema nini? Kwamba wanawake waliomfuta machozi ndio waliomaliza mbegu ya ukoo? Alizunguka kwa majirani aliowahi kuwagawia, akijifanya anapita tu. Mmoja alikuwa amehamia kwenye maharagwe ya dukani yanayokomaa haraka. Mwingine alikuwa amepanda parachichi shamba zima. Mvua ya Oktoba ikanyesha, na zile fito zake zikasimama tupu.

Lililomtesa ni kwamba Ndwiga, kifungua mimba wake aliyefanya kazi ofisini mjini Embu, alikuwa amechumbia. Msichana aliitwa Kinya, wa watu wa Nkubu, na arusi ilipangwa kuwa baada ya Pasaka ya mwaka wa pili tangu kilio. Kila alipomtaja Kinya katika sala, Nelius alikiona kile kibuyu.

Sasa Igoki, kitinda mimba wake, alikuwa na kazi ambayo Nelius hakuielewa vizuri. Alisomea kompyuta mjini Embu baada ya kidato cha nne, akapata nafasi katika saiba moja ya Runyenjes, duka la kompyuta na intaneti. Nelius aliwaambia watu kwamba binti yake "anaandika mashine." Igoki aliacha kumsahihisha.

Jumapili moja ya mwezi wa Aprili, mvua ikiwa inatishia tangu wakati wa misa, Igoki alikuja jikoni na simu yake kubwa. Nelius alikuwa ameketi na ungo magotini akichambua maharagwe ya dukani, akitupa mawe upande mmoja na yaliyobunguliwa upande mwingine.

"Mama, wacha ungo kidogo uone kitu."

"Ungo hauachwi na mawe ndani. Sema tu. Mikono iko huku, masikio ni yako."

"Hiki si cha masikio. Kuna kikundi cha akina mama wanaotunza mbegu za zamani. Walikutana kwenye semina ya kanisa, wengine wa huku Embu, wengine wa Meru. Wameniomba niwatengenezee ukurasa, mtu akitafuta mbegu fulani aone nani anayo."

Nelius aliacha ungo, mawe yakiwa ndani.

Kwenye simu kulikuwa na vijipicha vilivyopangwa kama vigae, na katika kila kimoja kulikuwa na kiganja cha mtu, na ndani ya kiganja mbegu. Njahi nyeusi. Mtama mwekundu. Pojo. Maharagwe ya kila namna. Hakukuwa na uso hata mmoja, viganja tu: kimoja kimepasuka kwa jembe, kingine kina pete iliyochakaa, kingine kimekosa nusu ya kidole. Nelius alivitazama kwa muda mrefu.

"Hawa wote ni akina nani?"

"Akina mama, mama. Kutoka Mbeere kule chini mpaka Timau."

"Na wamenyoosha mikono yote pamoja hivi," Nelius alisema, kwa sauti aliyoitumia wakati wa kupokea komunyo.

Igoki akamwonyesha safu ya visanduku vidogo vitupu juu ya zile picha, kila kimoja na neno lake. Mwanzoni alikuwa amefanya watu watafute kwa jina, akaona haifai, kwa sababu kila mgongo wa kilima una jina lake kwa haragwe lile lile. Ndipo akauliza wenyewe hutambuaje mbegu, akaviandika: rangi, rangi moja au mabaka, hutambaa au husimama, mvua ya Machi au ya Oktoba, nchi ya juu, ya kati au ya chini, miezi ya kukomaa.

"Gusa hapa penye nyekundu."

Nelius alifuta kidole kwenye leso, akagusa. Tiki ikaingia kisandukuni, na papo hapo viganja vingi vikatoweka, vilivyobaki vikasogeleana kujaza mapengo. Akauondoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Igoki! Nimefuta mbegu za watu!"

"Hujafuta, mama. Gusa tena."

Aligusa tena. Tiki ikatoka, na viganja vyote vikarudi, kila kimoja mahali pake, kile chenye pete kando ya kile kilichokosa kidole. Akagusa. Vikaenda. Akagusa. Vikarudi. Alifanya hivyo mara nyingi, kama mama anayefungua mlango wa chumba cha mtoto aliyelala, anaufunga, halafu anaufungua tena ili amwone tu.

"Zilikuwa zimeenda wapi?"

"Haziendi mahali. Ziko hapo hapo kwa ukurasa. Zimeambiwa tu zisionekane."

"Zimeambiwa na nani?"

"Na maneno niliyoandika. Inaitwa JavaScript, ni lugha ambayo simu inaielewa. Kila mbegu nimeifunga alama zake, kama vile baba alivyowakata mbuzi masikio. Ukigusa kisanduku, yale maneno yanapitia mbegu moja moja yakiuliza: wewe ni nyekundu? Ikiwa ndiyo, inabaki. Ikiwa hapana, inaambiwa, simama kando. Hakuna inayotupwa. Ukiondoa tiki, zote zinaitwa tena."

"Zinaulizwa zote?"

"Zote. Kila unapogusa."

Nelius alitazama ungo wake, na kile kirundo kidogo alichokuwa amekichambua tangu watoke kanisani. "Kumbe ungo wangu una ndugu," alisema.

Mvua ikaanza. Kwenye mabati ilikuwa kama kokoto zinamwagwa, na kama kawaida ya Runyenjes, netiweki ikaondoka nayo. Nelius aliona ile alama ikipotea juu ya simu, akaikabidhi kwa binti yake.

"Haya, imekufa. Tutaona kesho."

"Gusa tu, mama."

Akagusa penye nyeupe. Viganja vikapangika upya kana kwamba nje kunawaka jua.

"Na netiweki haipo!"

"Ilishaleta kila kitu mara moja tulipofungua. Kuchuja kunafanyika hapa ndani ya simu. Haiendi kuuliza mtu wa mbali."

"Mungu wangu," Nelius alinong'ona. Si kwamba aliapa. Alikuwa anamwita aje aone.

Akapata ujasiri, akaanza kugusa mwenyewe. Alitia tiki penye mvua ya Machi, kisha penye mvua ya Oktoba, na ukurasa wote ukawa mtupu.

"Sasa hawa nimewafukuza kabisa."

Igoki alikunja uso, akaitazama simu, kisha akajipiga kipaji. "Ai! Ni mimi. Nimeandika ikitaka mbegu iwe ya Machi na iwe ya Oktoba, zote mbili kwa mpigo. Na wengi wameandika moja tu."

"Mimi nilitaka za Machi na za Oktoba, nizione zote."

"Ndiyo, ndivyo mtu yeyote angetaka."

"Kwaya yako ingekuwa na shida, mwanangu. Father akisema leteni sauti ya kwanza na sauti ya pili, wewe unazunguka parokia ukitafuta mtu mwenye makoo mawili!"

Igoki alicheka mpaka akashikilia mlango. Hakwenda mbali. Alichukua kompyuta ya kazi kutoka mkobani, akaweka kigoda karibu na moto, akaandika huku mama yake akimtazama vidole. Alipomaliza alieleza: visanduku vya kundi moja, chochote kitoshe, Machi au Oktoba, lakini kundi na kundi lazima yakubaliane.

"Sauti yoyote," alisema Nelius, "lakini awe na sare."

"Hapo sasa. Umeelewa kuliko mdosi wangu wa saiba."

"Wacha kumsengenya mdosi siku ya Bwana."

Netiweki iliporudi, ukurasa ukafunguliwa upya. Nelius hakurudi kwenye ungo. Alivuta kigoda karibu na Igoki, na mara hii hakugusa ovyo. Alitia tiki penye nyekundu. Akatia penye mabaka. Viganja vikapungua. Penye hutambaa. Vikapungua tena. Penye mvua ya Oktoba. Penye nchi ya kati. Kila alipogusa alivuta pumzi, na Igoki akaanza kumtazama mama yake badala ya simu. Vilikuwa vimebaki viganja vichache, na hakuna hata kimoja chenye lile haragwe, lakini Nelius akatia ya mwisho, miezi mitatu, kama mtu anayemalizia sala hata akijua hajajibiwa.

Maandishi yakatokea: Hakuna mbegu iliyopatikana.

"Basi," alisema Nelius. "Nimesikia."

"Mama, ulikuwa unatafuta ya Wanjugu? Si iko hapo juu?"

Nelius aliinua macho kwa kibuyu, na Igoki naye akainua. Kilikuwa kikiyumba kwa upepo wa mvua, chepesi.

"Tangu lini?"

"Tangu kilio cha baba yako. Walipika bila kujua. Walikuwa wanatupenda." Akakunja leso yake vidoleni. "Kinya atakuja hapa mwakani, nitamwambia atandaze leso. Halafu nitammiminia nini, Igoki? Majivu?"

Igoki alitaka kulia, lakini alikuwa mtu wa kazi, na huzuni yake ilikwenda mikononi. Akaiweka simu kati yao.

"Sikiliza, mama. Kila tiki uliyoweka inaficha wengine. Umeweka nyingi sana. Ni gani kati ya hizi huna hakika nayo?"

"Nina hakika na zote. Nimeyapanda maisha yangu yote ya ndoa."

"Umeyapanda wapi?"

"Si hapa."

"Hapa tu?"

Nelius aligeukia mlango, upande wa mlima. Alikuwa amekumbuka kwao alikozaliwa, juu kabisa karibu na msitu, ambako baridi hukaa mashambani hadi saa nne. Mama yake alikuwa bado anangoja maganda yakauke wakati watu wa huku chini wameshakula na kusahau. Ilikuwa mbegu ile ile ya kawaida, waliinunua soko moja. Nelius alitabasamu kidogo. Ndivyo tulivyo huku mlimani: muulize mama yeyote haragwe linachukua miezi mingapi, atakuapia miezi ya shamba lake, kana kwamba Mungu alianzia kuumba kwenye mgongo wake wa kilima.

"Mdomo mweupe ni wa haragwe," alisema polepole. "Litakwenda nao popote. Lakini miezi si ya haragwe. Miezi ni ya udongo."

Akanyoosha kidole mwenyewe, akaondoa tiki ya miezi mitatu. Vile viganja vichache vilivyokuwapo vikarudi. Lile haragwe halikuwamo. Akasita juu ya nchi ya kati. Halafu akaiondoa hiyo pia.

Viganja vingine vikaingia. Katikati yao kimoja kilikuwa cheupe kidogo kwa baridi, kimekunjwa kama kikombe. Ndani yake maharagwe mekundu kama ini yalikuwa yamelamba unga.

Nelius hakupiga kelele. Aliteremka kutoka kwenye kigoda hadi sakafuni, akapiga magoti, simu ikiwa mikononi, na uso wake karibu na kioo. Igoki hakujua kama mama yake anaitazama picha au anasali.

Chini ya picha yalikuwa maandishi mafupi. Beth, mwalimu mstaafu, Timau. Nchi ya juu, baridi. Miezi mitano. Nilipewa na mama mmoja nilipohamishwa. Jina silijui, mimi nayaita Runyenjes.

"Mwalimu Beth!" Nelius alisema. "Mwalimu Beth wa chumba cha barabarani!"

Alikuwa ni msichana mdogo siku zile, ametumwa kufundisha shule ya msingi ya hapo chini, akapanga chumba kwa Njiru. Alipohamishiwa Timau alilia kama aliyefungwa jela. Nelius hakuwa na kitu cha kumpa, basi akamfungia konzi ya maharagwe katika kitambaa cha mkono. Njiru alicheka sana. "Unampa mwalimu maharagwe ayapeleke Timau? Kule ni ngano na baridi tupu! Unayatuma yakafe." Naye Nelius akamjibu, "Heri yafe yamepandwa." Walicheka wote wawili, na gari la mwalimu likaondoka, na yeye akasahau.

Igoki aliichukua namba chini ya picha, akapiga simu hapo hapo. Nelius aliishika kwa mikono miwili.

"Hodi, mwalimu. Ni mama Ndwiga. Wa Runyenjes."

Ukatoka mlio uliomfanya Igoki aisogeze simu kutoka sikioni mwa mama yake.

"Mama Ndwiga! Uko hai! Na mzee Njiru? Bado anaringa na ile kofia?"

"Mzee ametangulia, mwalimu."

"Woi. Woi, mama. Pole sana. Mungu amlaze pema." Sauti ikatulia. "Alisema yatakufa, unakumbuka? Nilimsikia nikiwa mlangoni. Kila nikivuna namwambia: mzee, njoo uone."

Nelius alicheka na kulia kwa pamoja, na ikawa ndiyo mara ya kwanza kumcheka Njiru tangu amzike.

Walikwenda Timau mwezi wa Julai, yeye na Igoki. Nelius hakuwahi kufika upande ule. Alishuka akajifunga leso mbili kwa baridi, akatazama ngano iliyotandazwa hadi mbinguni, bila kilima cha kuisimamisha, halafu akageuka nyuma. Mlima ulikuwa pale, lakini si ule aliouamkia maisha yake yote. Vilele vilikuwa vimebadilishana nafasi. Kilichokuwa mkono wa kuume kilikuwa mkono wa kushoto, na mawe ambayo kwao hayaonekani yalikuwa yamesimama wazi, na theluji kidogo mabegani.

"Nimeutazama miaka yote hii," alisema, "kumbe ulikuwa umenipa mgongo."

"Au wewe ndiwe uliyekuwa mgongoni," alisema Mwalimu Beth, aliyekuja kuwapokea, mvi zikichungulia chini ya kofia ya sufu. "Sisi huku tunasema uso uko kwetu."

"Nyinyi watu wa Meru mna maringo."

"Mimi ni wa Mbeere, mama Ndwiga! Baridi ndiyo imenifanya Mmeru."

Nyumbani kwake maharagwe yalikuwa katika mtungi wa plastiki uliofunikwa vizuri. Alipoufungua, majivu yakaruka. "Kama ulivyonifundisha," alisema. Alitaka kujaza gunia. Nelius alikataa. Aliketi kwenye kigoda kwenye jiko la mwalimu, akatandaza leso magotini, mtu mzima anayengoja mkwe, na Beth akaelewa. Akamimina konzi kwa konzi.

"Ngapi zatosha?"

"Hatuhesabu."

"Wema hauozi, mama Ndwiga," alisema Beth, akaongeza nyingine.

Mvua ya Oktoba zile fito hazikusimama tupu. Maharagwe yalikaa Timau miaka mingi kiasi cha mtu kuzeeka, lakini yaliporudi kwenye udongo wa kati yalikomaa kwa miezi mitatu, kana kwamba hayakuwa yameondoka. Nelius alikuwa akienda kuyatazama kila asubuhi kabla ya chai, akiwa amejifunga leso kana kwamba anakwenda kanisani. Walipovuna, Igoki alimpiga picha kiganja, akakiweka ukurasani pamoja na vile vingine. Nelius aliomba aonyeshwe akitoweka na akirudi. Alijificha mwenyewe kwa tiki ya rangi nyeusi, akajirudisha, akasema imetosha.

Na baada ya Pasaka Kinya aliletwa. Alikuwa bado na maua ya arusi kichwani alipoitwa jikoni. Kiswahili chake kilikuwa cha Kimeru na cha Nelius kilikuwa cha Kiembu, lakini leso ni leso kila mahali. Alitandaza. Alipoona yakianguka mapajani mwake alishika pumzi.

"Ni mazuri, mama. Haya ni ya kupika lini?"

Igoki, aliyekuwa mlangoni, alifunika mdomo.

"Keti vizuri, mwanangu," alisema Nelius. "Nikuambie habari ya haya."

Mungu alimpa Nelius mwaka mmoja tu baada ya hapo, na miezi kidogo. Ilikuwa Septemba tena, watu wakilima kungoja mvua, alipolala mchana na asiamke. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuwa anasikiliza.

Akina mama wa jumuiya wakaja, Gladys mbele, mikono yake imezeeka lakini haijajifunza kupumzika. Wakalichukua jiko. Sufuria zikatandazwa uani, mahindi yakapanda motoni, sauti ya kwanza ikaanza wimbo na kutafuta ya pili mahali ilipozoea kuwa. Igoki alikuwa amekaa pembeni na simu. Mtu wa kikundi alikuwa ameuliza kwa upole kama kiganja cha mama kiondolewe ukurasani. Igoki alitia tiki penye nyekundu, penye mabaka, penye hutambaa, penye mvua ya Oktoba, penye miezi mitatu na penye mitano, moja baada ya nyingine, mpaka vikabaki viganja viwili tu, cha Timau na cha mama. Kisha akaziondoa zote, na umati mzima wa viganja ukarudi, na mama yake akiwa kati yao. Akakiacha hapo.

Kinya alitoka chumbani macho yamevimba. Hakumsalimu mtu. Alipita katikati ya wapishi hadi jikoni, akavuta kigoda, akapanda, akakifungua kibuyu kutoka kwenye kamba yake.

"Kinya, mwanangu," aliita Gladys, akiinua mkono kumsaidia, "kama ni maharagwe, hayo tunaweza—"

"Haya hapana, mama Gladys. Ndwiga ameenda sokoni kuleta mengine."

Gladys alikitazama kibuyu. Alimtazama yule mke mchanga alivyokikumbatia. Kitu kikapita usoni mwake polepole, kutoka mbali, kutoka jioni nyingine, kwenye sufuria nyingine. Akashusha mkono, akaushika mdomo wake.

"Haki ya Mungu," alisema. "Naye akala yote."

Kinya alikwenda akaketi kwenye mkeka, mahali pa mfiwa, kibuyu mapajani juu ya leso. Nje mawingu yalikuwa yameanza kushuka kutoka mlimani. Father alipofika na kuwaambia wasimame kwa sala, wote wakasimama, na Kinya akasimama nacho.